Kafiri, Mpagani na Mkana Mungu: Historia ya Maneno ya Kutoamini katika Nchi ya Songea

Mwanzoni mwa mwaka 1906, katika gereza la boma la Wajerumani mjini Songea, walikuwamo wakuu na manduna wa Wangoni waliokuwa wakingoja kunyongwa kwa kosa la kupigana Vita vya Majimaji. Padri wa misheni ya Kigonsera aliruhusiwa kuingia humo na kuwafundisha dini yake. Baadhi yao walikubali kubatizwa, wengine walikataa. Tarehe 27 Februari walinyongwa pamoja, waliobatizwa na wasiobatizwa, wakazikwa katika kaburi moja la halaiki ambalo leo limo katika eneo la Makumbusho ya Majimaji na ambalo hukumbukwa kuwa la mashujaa 67. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alinyongwa baada yao na ana kaburi la peke yake.

Swali ambalo historia ya vita hivyo haijalishughulikia sana ni hili: wale waliokataa ubatizo walikuwa nani kwa upande wa imani? Misheni ilikuwa na jina kwa ajili yao: wapagani. Waislamu waliofika Ungoni kwa njia ya biashara kutoka Kilwa walikuwa na jina jingine: makafiri. Yote mawili hutafsiriwa siku hizi, na mara nyingi bila kufikiriwa, kana kwamba ni watu wasiomwamini Mungu. Lakini hakuna ushahidi kwamba hata mmoja wa watu wale gerezani alikuwa na shaka juu ya kuwapo kwa Mungu. Walichokikataa ni mlango wa kupitia. Kati ya kukataa mlango na kukataa kwamba kuna nyumba pana umbali mkubwa, na Kiswahili kimechukua takriban karne nzima kuuona umbali huo.

Chapanga na mahoka

Wangoni waliingia katika nchi ya Songea katikati ya karne ya 19 wakitoka kusini, wazao wa misafara iliyovuka mto Zambezi mwaka 1835. Walikuja na jeshi, mifugo, na fahari ya ukoo. Hata hivyo, lugha waliyokuja nayo haikudumu. Kizazi baada ya kizazi walichukua lugha za watu waliowatawala, na Kingoni kinachosemwa leo ni ndugu wa lugha za jirani zaidi kuliko Kizulu. Pamoja na lugha walichukua jina la Mungu. Chapanga, jina la Muumba wanalolitumia Wangoni, ni jina lile lile wanalolitumia Wamatengo na Wandendeuli. Mshindi alipewa jina la Mungu na aliyeshindwa. Jambo hilo si la kawaida sana katika historia ya ushindi, na linafaa kuwekwa akilini na yeyote anayedhani kwamba dini hufuata silaha siku zote.

Chapanga hakuwa na kibanda. Vibanda vilikuwa vya mahoka, yaani mizimu ya wahenga, ambao ndio waliokuwa wakiombwa mvua, uzazi na ushindi. Katika utaratibu huo kuwapo kwa Chapanga hakukuwa fundisho ambalo mtu aliombwa alikubali au alikatae. Hakukuwa na kanuni ya imani ya kukaririwa, na pasipo na kanuni ya kukaririwa hapana nafasi ya kuikana. Mtu aliweza kuwa mkaidi kwa wahenga wake, mvivu wa matambiko au mchawi. Lakini kuwa mtu anayesema kwamba Muumba hayupo, hilo halikuwa na faida wala maana kwa yeyote. Mwanatheolojia kutoka Kenya, John Mbiti, alipoandika mwaka 1969 juu ya dini za Kiafrika na falsafa zake, alisisitiza kwamba Mwafrika wa jadi haingii katika dini bali huzaliwa ndani yake. Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga vikali miaka hiyo hiyo, akidai kwamba wasomi wa aina hiyo wanaivisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki. Ubishi wao ulikuwa mzuri na haujaisha. Kwa Ungoni, hata hivyo, hoja ya Mbiti inaonekana kuwa na nguvu zaidi, maana hata maadui wa Wangoni hawakuwahi kuwashutumu kwa kutokuwa na Muumba.

Wamisionari Wabenedikto walifungua Peramiho mwaka 1898 chini ya Cassian Spiss, ambaye baadaye akawa askofu. Spiss alikuwa mtu wa lugha. Mwaka 1904 alichapisha huko Berlin maelezo ya sarufi ya Kingoni na Kisutu, kazi ambayo bado ina thamani kwa mtafiti wa lugha za Ruvuma. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Agosti 1905, aliuawa karibu na Liwale akiwa safarini kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Miongoni mwa yaliyochochea hasira Ungoni dhidi ya misheni ni kitendo cha Padri Franziskus Leuthner cha kukiteketeza kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama. Mwezi Septemba 1905 misheni ya Peramiho nayo ikachomwa moto, na Padri Leuthner akauawa. Kibanda kwa kanisa. Kila upande uliona katika moto wa mwenzake uthibitisho kwamba mwenzake hamchi Mungu.

Maji yaliposhindwa

Majimaji yalikuwa vita vya imani kabla ya kuwa vita vya mikuki. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 vita vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza, aliwapa watu wa makabila mengi dawa moja na neno moja. Dawa hiyo ilifika Ungoni baada ya yeye kufa. Waliokunywa maji au kunyunyiziwa waliamini kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Risasi ziliwadhuru. Baada ya risasi ikaja njaa, ambayo wakoloni waliitumia kwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala. Takwimu rasmi za Wajerumani zilitaja vifo 75,000, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikadiria vilifikia kati ya 250,000 na 300,000.

Hapa ndipo historia ya Songea inapomshangaza mtu aliyezoea historia ya Ulaya. Huko Ulaya, tetemeko la ardhi la Lisbon la mwaka 1755 liliwafanya wanafalsafa kuuliza kama kuna Mungu mwema, na Vita Vikuu viwili viliwatoa makanisani watu wengi. Ungoni ilipatwa na msiba ambao kwa uwiano wa watu wake haukuwa mdogo kuliko hiyo, tena msiba uliotokana moja kwa moja na ahadi ya kidini iliyoshindwa. Matokeo yake hayakuwa kupungua kwa imani. Katika miongo iliyofuata watu waliingia kwa wingi katika mafundisho ya ubatizo, na upande wa Tunduru Uislamu ukazidi kuota mizizi miongoni mwa Wayao. Maelezo ya kwamba walioshindwa hufuata dini ya mshindi hayatoshi, kwa kuwa Uislamu haukuwa dini ya Mjerumani. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba kwa watu wale maji yaliyoshindwa yalithibitisha kosa la mganga. Hayakugusa kuwapo kwa Muumba. Dawa ikishindwa, mtu hubadili dawa.

Ebrahim Hussein aliliona pengo hilo. Katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, shaka haianzi kwa askari aliyepigwa risasi. Inaanza kwa nabii mwenyewe. Kinjeketile wa Hussein anaanza kutilia mashaka asili ya nguvu alizopewa wakati wafuasi wake hawana shaka hata kidogo, na mwishoni anakataa kutangaza kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu anajua tangazo hilo litamnufaisha nani. Huyu si mkana Mungu. Ni mtu ambaye kusadiki kwake kumeondoka huku wajibu wake kwa watu ukibaki, na labda ndiye mtu wa kwanza wa aina hiyo katika tamthilia ya Kiswahili.

Serikali isiyo na dini na jirani wa ng'ambo ya mto

Baada ya uhuru neno jipya liliingia katika mazungumzo: ukomunisti. Katika parokia nyingi za Tanganyika hofu ya ukomunisti ilikuwa hofu ya kufungwa kwa makanisa. Songea ilikuwa na sababu maalumu ya kulifikiria jambo hilo, kwa kuwa ujamaa ulikuwa umeanzia huko kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kijiji cha Litowa na vijiji vingine vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma vilikuwa vikilima na kuishi kijamaa tangu mwanzo wa miaka ya 1960, hadi chama hicho kilipovunjwa na TANU mwezi Septemba 1969. Ujamaa huo ulitoka kwa vijana wa TANU na jembe lao, na wala hakuna aliyehitaji kumsoma Marx ili auelewe.

Mwalimu Nyerere alilijibu suala la Mungu waziwazi. Katika utangulizi wa Uhuru na Ujamaa, mwaka 1968, alieleza kwamba ujamaa unahusu maisha ya watu katika jamii yao hapa duniani, na kwamba haumtaki mtu aseme kama anamwamini Mungu au hamwamini. Mwezi Oktoba 1970, akizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, aliligeuzia Kanisa lenyewe changamoto: lisiposhiriki katika kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, dini itageuka ushirikina wa watu waoga. Inafaa kutambua kwamba maneno hayo yalisemwa na Mkatoliki aliyekwenda misa, na ambaye mwaka 1996 Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho walimchapishia tenzi zake za Enjili. Kesi ya kumtangaza mwenye heri ilifunguliwa mwaka 2005.

Kauli iliyodumu ya zama hizo ni kwamba serikali haina dini lakini watu wake wanazo. Katiba inatamka kwamba Jamhuri ya Muungano haifungamani na dini, na Ibara ya 19 inamhakikishia kila mtu uhuru wa mawazo na imani pamoja na uhuru wa kubadili dini. Wimbo wa taifa la serikali hiyo isiyo na dini ni sala. Watanzania hawaoni kinzano hapo, nao wana haki ya kutoiona.

Ng'ambo ya mto Ruvuma mambo yalikwenda vingine. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilichukua madaraka Msumbiji mwaka 1975, na mwezi Julai mwaka huo ikataifisha shule na hospitali za misheni. Mwaka 1977 ilijitangaza kuwa chama cha Kimarx na Kilenin. Kwa miaka kadhaa dini ilihesabiwa kuwa mabaki ya ukoloni na ya giza. Uhusiano ulianza kulegezwa mwaka 1982, Rais Samora Machel alipokutana na viongozi wa dini, na mwaka 1989 chama kikauacha rasmi Umarx. Watu wa kingo zote mbili za Ruvuma walikuwa ndugu, walisema lugha zile zile na kuvuka kwa mitumbwi ile ile. Jaribio la kuwafanya watu wasioamini kwa amri ya chama lilifanyika mbele ya macho ya Songea, likashindwa. Aidha, linathibitisha kwamba kinachoamriwa si kutosadiki bali kunyamaza.

Riwaya kama makazi

Kutoamini kwenyewe, kwa maana ya mtu kukaa, kufikiri na kufikia uamuzi kwamba Mungu hayupo, kulifika Afrika Mashariki kwa njia ya vitabu, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo ilisomwa seminarini. Hili halipaswi kumshangaza mtu. Katika utaratibu wa Kanisa Katoliki falsafa hutangulia teolojia, na anayeandaliwa kuwa padri hana budi kuzijua hoja za wanaompinga. Rafu za seminari zilikuwa na majina ambayo mtu asingeyakuta kwingineko kokote mkoani.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki Januari 2020, alipitia seminari kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu ambaye imani ya kijijini haimtoshi na elimu ya chuoni haimpi kitu cha kuweka mahali pake. Anajiua. Wahakiki wengi walilichukulia hilo kuwa onyo au ukatishaji tamaa, na wengine waliona Ufaransa ya Camus ikivaa msuli. Usomaji huo unapungukiwa na jambo moja. Kazimoto haumizwi na hoja. Anaumizwa na kukosa mtu wa kuzungumza naye kuhusu hoja hizo kwa lugha ambayo haijamhukumu tayari. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) Kezilahabi aliacha kubishana akahamia katika hekaya. Mungu wa Mzingile ni mzee aliyejitenga na watu.

Uamuzi huo wa kisanaa una msingi katika sarufi. Kiswahili hueleza kuwapo kwa viambishi vya mahali: -po, -ko, -mo. Asemaye "Mungu hayupo" ametumia muundo ule ule wa "Baba hayupo", ambao maana yake ya kwanza ni kwamba baba ametoka. Hata "hakuna Mungu" ina ku- ya mahali. Mwanafalsafa wa Kiingereza au Kijerumani anayekanusha kuwapo kwa Mungu hakanushi kwamba yuko chumbani. Mwenzake wa Kiswahili lazima aongeze maneno ili asieleweke hivyo. Kezilahabi hakuongeza maneno. Aliuacha utata huo ufanye kazi, na ndiyo maana riwaya zake mbili za mwisho zinaweza kusomwa na padri na kusomwa na mulhidi, kila mmoja akadai kwamba ni zake.

Neno la kuitana

Limebaki suala la jina, na ndilo lenye madhara nje ya madarasa. Kafiri limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunika: ni mtu aliyeufunika ukweli anaoujua. Mpagani limetoka katika neno la Kilatini lililomtaja mtu wa shamba. Mulhidi, linalotumiwa na waandishi wa Kiislamu, lina mzizi wenye maana ya kupinda, kuacha njia. Mkana Mungu ndilo linalopendwa na Wakristo na watafsiri, na ndilo lililo gumu zaidi. Kukana ni tendo la mshtakiwa mbele ya hakimu. Ni tendo la Petro uani kwa kuhani mkuu. Anayekana anajua. Kwa hiyo mtu anayejiita mkana Mungu amekwisha kukiri, kwa neno lenyewe, kwamba kuna anayekanwa.

Lililo zito zaidi ni neno imani. Katika Kiswahili cha kila siku, Songea kama Mombasa, mtu mwenye imani ni mwenye huruma, na asiye na imani ni katili. Mwizi aliyempora mjane hana imani. Daktari aliyemwacha mgonjwa mlangoni hana imani. Hana dini vilevile: serikali kutokuwa na dini ni sifa, mtu kutokuwa na dini ni tusi. Mwanafunzi anayewaambia wazazi wake huko Mbinga au Namtumbo kwamba hana imani hajawaambia jambo la falsafa. Wamesikia kwamba mtoto wao amekuwa mtu asiyehurumia. Hofu yao na machozi yao si ujinga. Wameielewa sentensi kama lugha ilivyowafundisha. Na mtoto naye hajadanganya. Familia zimegawanyika kwa ajili ya neno lenye maana mbili.

Dola nazo hazijasaidia. Tanzania iliuliza dini ya mtu katika sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Kenya inauliza, na sensa yake ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 katika kundi moja lililounganisha wasio na dini na wasioamini Mungu, kana kwamba mzee wa Turkana au Pokot anayemwomba Muumba bila kanisa ni sawa na mwanafunzi wa Nairobi anayesema hakuna wa kuombwa. Chama cha Atheists in Kenya Society kilisajiliwa mwaka 2016, usajili wake ukasitishwa mwaka huo huo, na shauri likafika Mahakama Kuu. Kilijisajili kwa jina la Kiingereza. Pengine sababu ni kwamba Kiingereza ni lugha ya ofisi. Lakini yeyote aliyejaribu kukitafsiria jina anajua sababu ya pili.

Lugha yenyewe ina kitenzi kingine, nacho kimo midomoni mwa kila Mkatoliki wa Peramiho, maana ndicho kinachoanza kanuni ya imani katika misa ya Jumapili: kusadiki. Shaaban Robert alikitumia kuipa jina nchi yake ya kubuni, Kusadikika, kwa kuwa alijua kinahusu kukubali kwamba jambo ni kweli. Hakuna amwitaye katili kuwa asiyesadiki. Hasadiki, si zaidi ya hayo: ameelezwa, amefikiri, hajaridhika. Neno hilo halimfuniki mtu, halimpindi, wala halimpandishi kizimbani, na mama yake anaweza kulisikia bila kudhani kwamba mwanawe ameacha kumhurumia.